Bunduki haitengenezwi kwa bisibisi ya redio

Kuna vitu ambavyo binadamu huvidharau kwa sababu ya udogo wake, na bisibisi ni kimojawapo. Katika masoko ya Mbeere, kuanzia Gachoka hadi Kiritiri na kuteremka mpaka Karaba na Makima, chombo hiki huuzwa juu ya magunia yaliyotandikwa chini, kikiwa kimechanganywa na kufuli, misumari na nyaya za umeme. Mnunuzi huchagua ile yenye mpini wa rangi ya kupendeza, akalipa, akaenda zake. Akifika nyumbani huitumia kufungulia redio, kukazia bawaba za mlango, kufumulia mkebe wa rangi na pengine kung'olea msumari. Ikipinda, hununua nyingine.

Kwa kazi nyingi za nyumbani mazoea hayo hayana madhara makubwa. Redio ikiharibika mwenyewe atakosa taarifa ya habari, na bawaba ikilegea mlango utalia. Lakini ipo kazi moja ambayo haivumilii uzembe wa namna hiyo, nayo ni utunzaji wa bunduki. Hapo bisibisi isiyofaa huweza kumgharimu mtu maisha yake, tena aghalabu si maisha ya aliyeishika bisibisi bali ya yule atakayeishika bunduki baadaye.

Yamkini msomaji atauliza: bunduki na Gachoka wapi na wapi? Hapa si Baragoi wala Kapedo, na wakulima wetu wanajulikana kwa mtama, pojo, mbuzi na muguka. Jibu ni kwamba bunduki zipo miongoni mwetu kihalali, na zipo kwa sababu maalumu. Chini kidogo, kule ambako mito ya Tana na Thiba hukutana karibu na bwawa la Kamburu, kuna Hifadhi ya Taifa ya Mwea, ambayo ilitengwa mwaka wa 1976. Humo mna viboko, nyati, twiga na ndovu. Mnamo Oktoba 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilianza kuhamisha ndovu wapatao 50 kutoka hifadhi hiyo hadi Mbuga ya Aberdare, kwa kuwa mahali palipokadiriwa kutosha ndovu 50 palikuwa na ndovu 156. Kila mkazi wa mpakani mwa hifadhi anafahamu maana ya hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Ndovu anapovunja ua usiku na kuingia shambani, anayeitwa ni askari wa wanyamapori, na askari huyo hafiki na fimbo.

Mbali na askari wa KWS, kuna polisi katika vituo vyetu, na kuna raia wachache waliopewa vyeti vya kumiliki silaha kwa mujibu wa sheria. Katika sehemu nyingine za nchi kuna askari wa akiba, ambao kwa miaka mingi walibeba bunduki za kale za Kiingereza aina ya Lee-Enfield, zile ambazo wengi huziita Mark Four, pamoja na zile za G3. Silaha hizi zote zina jambo moja linalofanana: zinachafuka, zinalegea, zinashika kutu, na hatimaye lazima zifunguliwe na mtu mwenye chombo mkononi. Swali langu leo ni dogo lakini zito. Mtu huyo ni nani, na chombo hicho ni kipi?

Tuanze na chombo. Bisibisi ya kawaida ya sokoni, ile yenye ulimi bapa, imechongwa kama kabari. Ulimi wake ni mwembamba nchani na hunenepa kadiri unavyopanda kuelekea kwenye shina. Ukiutia katika ule mfuo ulio kichwani mwa skrubu, ncha yake hucheza chini, na sehemu iliyonenepa hugusa kingo za juu peke yake. Ukianza kuzungusha kwa nguvu, kabari hiyo hujisukuma nje yenyewe. Huteleza, hukwaruza chuma kilichong'arishwa, na hung'oa kingo za mfuo mpaka zikawa kama meno ya mzee. Ukijaribu mara ya pili hali huwa mbaya zaidi, na ya tatu huwa skrubu haifunguki tena isipokuwa kwa kutobolewa.

Bisibisi ya fundi wa bunduki imeundwa kwa namna nyingine. Pande mbili za ulimi wake huwa sambamba kule nchani, hivi kwamba unene wa chini na unene wa juu ni sawa. Ikitiwa katika mfuo hutua hadi chini kabisa na kujaza nafasi yote bila kucheza. Nguvu ya mkono hugawanyika katika kuta zote mbili za mfuo, na ulimi hausukumwi nje. Hii ndiyo sababu mafundi wa silaha hawana bisibisi moja wala mbili, bali seti nzima yenye ndimi za upana na unene mbalimbali, kwa maana skrubu za bunduki moja hazilingani.

Kanuni za kuchagua si nyingi, na mtu yeyote aliyepata kushika tupa anaweza kuzielewa. Kwanza ni upana: ulimi uwe karibu sawa na urefu wa mfuo, usipungue sana na wala usizidi, kwani ukizidi utakwaruza chuma au mti ulioizunguka skrubu. Pili ni unene: ulimi uingie kwa kubana kidogo, usining'inie. Tatu ni kina: ncha iguse chini ya mfuo. Nne ni chuma chenyewe: kikiwa laini kitajikunja, na kikiwa kigumu kupita kiasi kitakatika kama kioo na kumrukia fundi usoni. Tano ni msimamo: bisibisi isimame wima juu ya skrubu, nayo bunduki iwe imeshikwa imara katika jiliwa lililowekewa ngozi au mbao, si kubanwa kati ya magoti.

Wapo mafundi hodari wanaojichongea ndimi wenyewe ili zilingane na skrubu iliyo mbele yao. Ni desturi njema na ya kale katika kazi hii. Lakini hata hapo kuna mtego. Anayenoa bisibisi kwa mashine ya umeme bila kuipoza kwa maji mara kwa mara huipasha moto mpaka ncha ikageuka rangi ya samawati, na rangi hiyo ni dalili kwamba matiko yametoka. Kwa macho bisibisi itaonekana nzuri, ilhali chuma chake kimekuwa laini. Wahunzi wa kale wa nchi hizi za Mlima Kenya, ambao waliheshimiwa na kuogopwa hata laana yao ikawa jambo la kutetemesha, walijua siri ya moto na maji kabla hatujaletewa mashine yoyote. Ingekuwa aibu wajukuu wao kuisahau.

Kuna pia suala la umbo la kichwa cha skrubu. Bunduki za kale zina mfuo mmoja ulionyooka. Za kisasa, hasa zinapofungwa darubini ya kulengea, hutumia skrubu zenye tundu la pembe sita au umbo la nyota. Kisha kuna zile zenye msalaba, ambazo zilienea duniani tangu miaka ya 1930 kutokana na kazi ya Mmarekani Henry Phillips. Misalaba nayo si mmoja; kuna aina zaidi ya moja zinazofanana machoni lakini zisizolingana pembe. Fundi asiyetambua tofauti hiyo hulaumu skrubu, ilhali kosa ni la mkono wake.

Hata hesi zenyewe zina ukoo. Kabla ya mwaka wa 1841, Mwingereza Joseph Whitworth alipopendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa viwanda vyote vya nchi yake, kila karakana ilikata skrubu kwa kipimo chake. Hadi leo bunduki za zamani za Kiingereza hufuata vipimo vya inchi, ilhali nyingi za bara Ulaya hufuata milimita. Anayepoteza skrubu ya bunduki ya Kiingereza, kisha akaokota nyingine ya milimita kutoka kwa pikipiki na kuikaza kwa nguvu kwa kuwa inakaribia kuingia, ameharibu vyote viwili kwa pamoja: skrubu na tundu. Skrubu hiyo itashika leo, na itaachilia siku ya siku.

Nitatoa mfano mmoja wa kuonyesha kwamba hata bisibisi bora haitoshi pasipo elimu. Katika bunduki ya Lee-Enfield ya muundo wa zamani, ile iliyobebwa na majeshi ya Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kitako hufungwa kwa boliti ndefu iliyofichika ndani ya mti. Hufikiwa kwa bisibisi ndefu inayopitishwa kutoka nyuma. Ncha ya mbele ya boliti hiyo ni ya mraba, nayo hukaa ndani ya bamba lililo katika mti wa mbele wa bunduki. Sasa, mtu asiyejua akiona kitako kinacheza, ataingiza bisibisi yake ndefu na kuzungusha. Kwa kuwa hakuutoa kwanza mti wa mbele, ule mraba utazunguka ndani ya bamba na kuupasua mti huo. Bisibisi ilikuwa sawa, nguvu ilikuwa sawa, lakini utaratibu haukuwepo. Mti uliopasuka haushiki tena mtutu ipasavyo, na risasi huenda isikokusudiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Skrubu iliyolegea katika bunduki haionekani na mtu aliyesimama mbali. Kilengeo kikiyumba kidogo tu, tofauti isiyotambulika mkononi huwa kubwa sana risasi inapofika umbali wa mita 100. Askari anayekabiliana na nyati aliyejeruhiwa katika vichaka vya Mwea hana nafasi ya kupiga mara ya pili. Polisi anayemlenga jambazi katikati ya soko lenye watu hana ruhusa ya kukosa. Wananchi tunaosimama nyuma yake, au kwa bahati mbaya kando ya shabaha yake, ndio tunaolipa gharama ya bisibisi ya redio. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Historia yetu wenyewe inatufundisha. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia misituni na silaha chache mno. Wengi walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Ujasiri wao hauna mfano, na werevu wao ni wa kusifiwa. Hata hivyo, baadhi ya bunduki hizo zililipuka mikononi mwa waliozibeba. Wale hawakuwa na hiari. Walikuwa vitani, hawana duka wala karakana. Sisi tuna hiari. Kuendelea kubahatisha katika siku za amani, tukiwa na maduka, vyuo na sheria, si ujasiri tena bali ni uzembe.

Nimetaja sheria, na sharti niitaje kwa uwazi ili nisieleweke vibaya. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamtaka kila mwenye silaha awe na cheti, na inakataza mtu yeyote kuunda, kuuza au kukarabati bunduki kama biashara bila kusajiliwa. Kwa hivyo fundi wa jua kali wa Gachoka, hata awe stadi kiasi gani, hana ruhusa ya kupokea bunduki ya mtu na kuifungua juu ya meza anayotengenezea taa na pampu. Akiletewa, na akatae. Anayemletea, hata kama ana cheti halali, anamwingiza kaka yake katika hatari ya kifungo. Mwenye bunduki na aende kwa muuzaji aliyesajiliwa, hata kama safari ni ya Nairobi.

Lakini sheria ya kukataza peke yake ni nusu ya kazi. Ikiwa aliyeruhusiwa yuko mbali mno, na silaha imekwama leo, mtu huvutwa na kishawishi cha kuifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Hili linawahusu hasa walinzi wanaokaa vituo vya mbali. Kwa sababu hiyo naona wakuu wa usalama wana wajibu wa mambo mawili. La kwanza, kila ghala la silaha, hata lile la kituo kidogo, liwe na seti kamili ya bisibisi zilizopimwa kulingana na silaha zilizomo, pamoja na vyombo maalumu vya kurekebishia vilengeo. Bunduki ya G3, kwa mfano, ina chombo chake cha kilengeo cha nyuma, na zile za aina ya Kalashnikov zina chombo chao cha kilengeo cha mbele. Msumari na nyundo si mbadala. La pili, mafundi wa silaha waliofunzwa wazunguke vituoni kwa ratiba inayojulikana, badala ya kungoja bunduki iharibike ndipo isafirishwe.

Nafahamu hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Wengine watasema kwamba askari wetu wanalilia mishahara, nyumba na magari, na kwamba kuzungumzia bisibisi ni kuchezea maji kando ya bahari. Nakubali kwamba mahitaji hayo ni makubwa. Lakini seti nzuri ya bisibisi ni rahisi mno ikilinganishwa na bei ya bunduki moja, sembuse gari. Yule asiyeweza kutekeleza lililo rahisi hatutamwamini atakapoahidi lililo ghali.

Wengine watasema kwamba silaha za kisasa zimeunganishwa kwa pini na si kwa skrubu. Ni kweli kwa kiasi fulani. Hata hivyo, vilengeo, darubini, mishikio na vitako bado hushikizwa kwa skrubu, tena hizo ndizo sehemu zinazoamua risasi itaenda wapi. Pini nazo zina kanuni yake: hutolewa kwa chombo cha kipenyo chake, si kwa bisibisi iliyogeuzwa tindo.

Wapo pia watakaohofia kwamba maarifa haya yatawafaidi wahalifu. Mhalifu hahitaji bisibisi iliyochongwa vizuri. Anahitaji silaha inayolia mara moja, kisha aitupe au aifukie. Nchi hii imeteketeza silaha haramu kwa maelfu, kama zile zaidi ya 5,000 zilizochomwa Ngong mnamo Novemba 2016, na jambo hilo ni la kupongezwa. Kuteketeza silaha haramu na kutunza vyema silaha halali ni mikono miwili ya kazi moja. Anayeheshimu silaha kiasi cha kuchagua chombo kinachoifaa ndiye pia huiheshimu kiasi cha kutoiacha chini ya godoro.

Zaidi ya hayo, tangu Aprili 2021 Kenya ina kiwanda chake cha silaha ndogo kule Ruiru, ambacho kilizinduliwa kikielezwa kuwa na uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Taifa linaloweza kuunda bunduki haliwezi kusingizia kwamba halina uwezo wa kufunza watu wa kuzitunza. Kila bunduki inayotoka kiwandani ingefaa ifuatane na bisibisi zake, na kila kundi la bunduki lifuatane na fundi wake.

Jambo la mwisho linawahusu vijana wetu. Vyuo vya ufundi vya kaunti, vile tulivyokuwa tukiviita vyuo vya ufundi vya vijiji, vinafundisha makanika, umeme na uchomeleaji. Ningependa mwanafunzi wa hapa Mbeere, kabla hajaruhusiwa kufungua injini, afundishwe kwa wiki nzima kuchagua bisibisi. Ajifunze kutazama mfuo, kupima ulimi, kutia mafuta ya kulegeza kutu na kungoja badala ya kulazimisha. Kijana huyo huenda asiguse bunduki maishani mwake, na ni heri iwe hivyo. Lakini atagusa pampu inayonyunyizia mimea maji ya Thiba, cherehani ya mama, breki za matatu na mashine ya hospitali. Skrubu ya breki iliyoharibiwa vichwa nayo huua, ingawa haitoi mlio.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ule mfuo mwembamba kichwani mwa skrubu, na wa kuuziba ni ulimi unaolingana nao. Wakuu wa polisi na wa KWS na wayakague maghala yao, wahesabu bisibisi kama wanavyohesabu risasi, na zile zilizopinda wazitupe. Nao wamiliki wa silaha wenye vyeti wazifungie bisibisi zao za redio kwenye sanduku la redio.